Uzi wa supanova ya NGC 3621: tuifuate kutoka Lubumbashi mpaka izimike

NyotaZaKatanga (Lubumbashi), 17 Aprili 2024

Wapenda nyota wa Lushi (Lubumbashi), Likasi na Kolwezi, pamoja na ndugu zetu wa Kivu, habari za usiku.

Kuna nyota imelipuka, na safari hii imelipukia upande wetu wa anga. Darubini za ATLAS ziliinasa tarehe 11 Aprili ndani ya galaksi NGC 3621, katika kundi la nyota la Hydra, ikapewa jina SN 2024ggi. Siku ya kwanza ilikuwa hafifu mno, karibu magnitudo 19. Leo iko kwenye 12. Kwa asiyezoea hesabu hii: namba ikipungua mwanga umeongezeka, na hatua 5 ni tofauti ya mara 100. Kutoka 19 hadi 12 ni zaidi ya mara 600, ndani ya wiki moja.

Ile ya mwaka jana, SN 2023ixf ya galaksi M101, ilituumiza. Ilikuwa mbali kaskazini. Hapa kwetu haikuwahi kupita digrii 24 juu ya upeo, yaani ndani ya vumbi lote la mji. Hii ya sasa saa nne ya usiku inafika karibu digrii 69, juu kusini. Wazungu wa kaskazini ndio watakaoichungulia nyuma ya paa safari hii.

Mahali: tafuta nyota nne za kundi la Kunguru, kisha shuka magharibi na kusini hadi Xi Hydrae, ambayo inaonekana kwa macho. Kutoka hapo sogea digrii 3 hivi magharibi, kusini kidogo. Utaona ukungu mrefu uliobanwa kati ya nyota nne zilizokaa kama fremu ya picha. Hiyo ndiyo galaksi. Nuru yake imesafiri kama miaka milioni 22. Supanova ni kitone kusini-mashariki ya kiini.

Ombi langu ni hili. Mwaka jana kila mtu alipiga picha wiki ya kwanza, akaisambaza kwenye WhatsApp, basi. Ilipoanza kushuka, uzi ukafa. Safari hii tuishike mpaka izimike. Kilele dunia nzima inakipima. Kushuka ndiko kunakosema nyota ilikuwa na nini tumboni.

Kamalondo_Fundi, 17 Aprili 2024

Aksanti yaya. Mimi nina kidarubini cha kioo chenye upana wa milimita 130. Nitaipata nikiwa hapa Kamalondo? Taa ya bar ya jirani inamulika mpaka kitandani.

NyotaZaKatanga, 17 Aprili 2024

Katikati ya mji, hapana. Kwa milimita 130 magnitudo 12 ni karibu na mwisho wa uwezo wake hata penye giza. Ngoja mwezi upungue (sasa unakua, utajaa tarehe 23), kisha toka kuelekea barabara ya Kipushi, au subiri umeme ukatwe mtaa mzima. Ndiyo faida pekee ya delestaji ninayoijua.

mwanafunzi_Kasapa, 18 Aprili 2024

Yaya, kuiona nimeelewa. Kuipima je? Unawezaje kusema "12.3" kwa jicho?

NyotaZaKatanga, 18 Aprili 2024

Swali zuri, na nitalijibu kwa urefu kwa sababu wengi wanadhani lazima uwe na kamera.

Hupimi mwanga wenyewe. Unalinganisha. Nenda kwenye tovuti ya AAVSO, chama cha Marekani cha watazamaji wa nyota zinazobadilika, kilichoanza mwaka 1911 na kinachopokea vipimo vya mtu yeyote. Andika jina la supanova, watakupa ramani ya eneo lile. Kando ya nyota kadhaa kuna namba kama 118 au 124. Nukta imeondolewa makusudi, maana kwenye ramani nukta ingefanana na nyota. 118 ni magnitudo 11.8.

Sasa tafuta nyota moja inayoishinda supanova kidogo na nyingine inayoshindwa nayo kidogo. Tuseme ni 118 na 124, na wewe unaona supanova iko katikati kabisa. Andika 12.1. Ikiegemea ile ya 118, andika 12.0. Hakuna uchawi. Mtu aliyezoea hakosei zaidi ya sehemu moja au mbili za kumi.

Mambo ya kuangalia:

Usiikodolee macho. Supanova ya namna hii huanza na rangi ya buluu, ikipoa inakuwa nyekundu, na jicho gizani hudanganywa na kitu chekundu: ukizidi kukitazama kinazidi kung'aa. Tupia jicho haraka, ondoa, rudia.

Tazama pembeni kidogo ya kitone. Ukingo wa jicho unashika mwanga hafifu kuliko katikati.

Usisome kipimo cha mwenzako kabla ya kuandika chako. Hapa hapa kwenye uzi, tafadhali, weka kwanza cha kwako halafu ndiyo upande juu kusoma.

Na ukiikosa, andika ulichokosa: "haikuonekana, hafifu kuliko 12.8", ikiwa 12.8 ndiyo nyota ya mwisho uliyoiweza. Hicho ni kipimo kamili, AAVSO wanakipokea kama vingine.

GomaKaskazini, 19 Aprili 2024

Sisi wa Goma mtuombee. M101 mwaka jana tuliipata digrii 34, nzuri kuliko ninyi, lakini ilikuwa upande wa kaskazini, na kaskazini kwetu kuna Nyiragongo. Usiku ambao mlima una mwanga, mawingu yote juu yake yanakuwa mekundu. Hii ya kusini iko upande wa ziwa, kuna giza la maana. Tatizo la Aprili ni mvua tu.

DadaBukavu, 19 Aprili 2024

Upande wa ziwa ndiyo giza, kaka? Njoo Bukavu usiku usio na mwezi uone mitumbwi ya kuvua sambaza, samaki wadogo wa ziwa. Wavuvi wanatafuta giza lile lile tunalolitafuta sisi, halafu wanawasha taa zao. Ziwa linakuwa na taa kuliko mji. Mimi nimepanda kilimani, nyuma ya nyumba ya shangazi, ukuta unazuia ziwa. Bado mawingu.

Mchimbaji_K, 22 Aprili 2024

Samahani wakubwa, mimi nasoma tu kila siku na kushangaa. Kuna mashine zinapima usiku kucha Hawaii, Chile, hata Sutherland huko Afrika Kusini. Mtu wa Lushi mwenye kidarubini anaongeza nini? Hapa maji tu ya bomba ni shida.

Papa_Mwalimu (Kipushi), 22 Aprili 2024

Mwanangu, maji ni shida kweli, na hakuna aliyesema tuache kuyadai. Lakini nikwambie kitu. Mwaka 1987 nilikuwa mwalimu kijana hapa Kipushi. Ile supanova ya Wingu Kubwa la Magellan, galaksi ndogo jirani yetu, tuliiona kwa macho matupu, bila darubini, bila chochote. Huko Chile walikuwa wameikuta tarehe 24 Februari, akina Ian Shelton na Oscar Duhalde, na Albert Jones wa New Zealand akaiona bila kuambiwa na mtu. Mimi niliisikia redioni, mvua ilikuwa bado inanyesha, nikasubiri. Mwezi wa tano anga lilipofunguka, iko pale kusini jioni, nyota ya rangi ya chungwa, magnitudo 3 hivi, mahali ambapo hapakuwa na nyota. Niliwaonyesha wanafunzi. Wazungu wengi wa Ulaya hawakuiona kabisa kwa sababu upande ule wa anga hauchomozi kwao.

NyotaZaKatanga, 22 Aprili 2024

Papa Mwalimu, nimefurahi umeingia. Naomba nimjibu Mchimbaji_K kwa kupitia hiyo hiyo ya 1987, maana inamhusu yeye kuliko mtu yeyote hapa.

Ndugu yangu, jina lako linasema unafanya kazi gani au unaishi na wanaofanya. Basi sikia. Nyota kubwa ikilipuka, mlipuko unapika nikeli ya aina moja, nikeli-56. Haidumu: kila siku 6 nusu yake inageuka kobalti-56. Na kobalti hiyo nayo haidumu: kila siku 77 nusu yake inageuka chuma. Kila atomu inapogeuka inatoa miale ya gama, miale inapasha moto vumbi na gesi ya mlipuko, gesi inang'aa. Miezi minne hivi baada ya mlipuko, joto la mwanzo limekwisha, kinachowasha supanova ni kobalti peke yake.

Piga hesabu. Nusu kila siku 77 ni kushuka robo tatu ya magnitudo kila siku 77, yaani karibu magnitudo 1 kwa siku 100. Ukichora vipimo vyako kwenye karatasi ya miraba vinakuwa mstari ulionyooka kama rula, na mteremko wa mstari huo ni mteremko wa kobalti, si wa kitu kingine. Mwaka 1987 mstari huo ulianza kuonekana kama mwezi wa saba, na satelaiti ya Solar Max ikakamata miale yenyewe ya kobalti-56 ikitoka kule. Kimo cha mstari, yaani mwanga ulivyokuwa juu, kikawaambia wataalamu kiasi: nikeli iliyopikwa ilikuwa asilimia 7 hivi ya uzito wa jua letu.

Kobalti ya Kolwezi ni ya aina 59. Protoni 27 zilezile, nyutroni tatu zaidi, kwa hiyo imetulia, haiozi. Lakini nayo ilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla jua letu halijazaliwa. Zaidi ya asilimia 70 ya kobalti inayochimbwa duniani inatoka nchini kwetu. Kama kuna watu wanaopaswa kujua kuusoma mstari huo, ni sisi.

Na Papa Mwalimu, kama ulikuwa unaamka alfajiri mwezi wa nane mwaka ule, ulichokiona kilikuwa kobalti, kwa jicho tupu.

Papa_Mwalimu, 22 Aprili 2024

Niliamka, ndiyo. Ilikuwa imeshafifia sana ikilinganishwa na Mei. Hakuna aliyeniambia kwamba ni kobalti. Nafurahi kuambiwa, hata kama ni baada ya miaka 37.

Mchimbaji_K, 23 Aprili 2024

Mimi nipo Kolwezi, si Lushi. Sina darubini. Lakini nitumieni hiyo karatasi ya miraba.

Kamalondo_Fundi, 5 Mei 2024

NIMEIPATA. Barabara ya Kipushi, mwezi haujatoka, baridi ya kwanza ya mwaka. Fremu ya nyota nne iko wazi, galaksi yenyewe ni kama pumzi kwenye kioo, na kitone kinakuja nikitazama pembeni, kinaondoka nikikitazama. Sikuweza kukadiria vizuri, naandika: kinaonekana, kwenye ukingo.

NyotaZaKatanga, 6 Mei 2024

Hongera fundi. Darubini yangu ni ya milimita 200 na ninaishika bila kuhangaika. Jana sikuwa na nafasi, leo usiku natoka. Nikumbushe tu: vipimo vya kwanza visome baada ya kuandika vyako.

mwanafunzi_Kasapa, 8 Juni 2024

Yaya, nina malalamiko. Tumepima Mei nzima na sasa Juni imeanza. Haishuki! Inakaa pale pale kwenye 12 na kitu, labda inateleza kidogo. Nilidhani supanova inawaka na kuzima.

NyotaZaKatanga, 8 Juni 2024

Hiyo ndiyo sura yake. Hii ni aina ya pili, nyota kubwa nyekundu yenye uzito wa jua zaidi ya mara kumi, ambayo bado ilikuwa na blanketi nene la haidrojeni ilipolipuka. Mlipuko unaichoma haidrojeni mpaka elektroni zinatoka. Kisha blanketi linapanuka na kupoa. Likifika joto la kama digrii 6,000, elektroni zinarudi kwenye atomu, gesi inapitisha nuru kama kioo, nuru iliyofungiwa inatoka. Lakini hilo linatokea kuanzia nje kuingia ndani, tabaka kwa tabaka. Sisi tunaona daima lile tabaka lililofika digrii 6,000, ndiyo maana mwanga hautikisiki kwa miezi mitatu hivi. Haidrojeni ikiisha, itaporomoka ghafla, magnitudo moja na nusu au mbili kwa wiki chache, ndipo mkia wa kobalti uanze.

Zile za aina ya kwanza A, kama SN 2011fe ya M101 au SN 2014J ya M82, hazina blanketi hilo. Zinapanda wiki mbili na ushee, zinashuka papo hapo. Kwa hiyo ukiwa na mchoro tu wa mwanga na siku, bila kifaa kingine, unaanza kujua nini kilichokufa. Malalamiko yako, mwanafunzi, ni ugunduzi.

Ila tuharakishe. Kila mwezi galaksi inatangulia kuzama kwa saa mbili. Julai katikati itakuwa inashuka magharibi giza linapoingia, Agosti itatuponyoka.

DadaBukavu, 12 Juni 2024

Kiangazi kimefika hata kwetu! Nimeipiga kwa kamera ya kaka yangu, lenzi ndefu, picha nyingi fupi nikazijumlisha kwa programu ya bure ya ASTAP. Swali: moshi wa watu wanaochoma mashamba unanipunguzia mwanga. Vipimo vyangu vinafaa?

NyotaZaKatanga, 12 Juni 2024

Vinafaa, dada, mradi nyota za ulinganisho ziko ndani ya picha ile ile. Moshi ukikula sehemu ya kumi ya supanova, unakula sehemu ya kumi ya jirani zake pia, na tofauti kati yao inabaki. Tumia mkondo wa kijani wa kamera, ndio unaokaribia jicho. Na tazama kitone kisilowe, yaani katikati kisifike mwisho wa kipimo cha kamera, la sivyo namba itakudanganya.

Angalia pia mduara unaopimia kwenye programu usimeze mwanga wa galaksi yenyewe. Supanova ikiwa angavu hilo halisumbui. Ikififia, utakuwa unapima mkono wa galaksi huku ukidhani ni nyota.

Kamalondo_Fundi, 7 Julai 2024

Mimi imeshanishinda. Mwezi mpya ulikuwa juzi, giza safi, na bado siioni. Naandika: haikuonekana. Au ni moshi? Watu wa makala (mkaa) wamewasha kila upande.

NyotaZaKatanga, 8 Julai 2024

Nyota za ulinganisho uliziona?

Kamalondo_Fundi, 8 Julai 2024

Niliishia kwenye 12.1. Zaidi ya hapo hakuna.

NyotaZaKatanga, 8 Julai 2024

Basi ni moshi na kuinama kwake magharibi, si supanova. Mwezi wa tano wewe ulikuwa unaona nyota hafifu zaidi. Andika "hafifu kuliko 12.1". Ni kipimo cha kweli, ingawa hakisemi mengi.

NyotaZaKatanga, 1 Agosti 2024

Jana jioni, dirisha la kama nusu saa baada ya giza kuingia. Galaksi yenyewe ilikuwa imeshanywewa na moshi. Nyota ya ulinganisho ambayo Juni ilikuwa hafifu kuliko supanova bado niliiona, kwa shida. Supanova hakuna. Yule aliyekuwa chini sasa yuko juu, hivyo si moshi. Imeanza kuporomoka.

Kwa jicho tumeishia hapo. Mkia wenyewe utakuwa huko kwenye 15, hauna darubini ya jicho hapa Katanga ninayoijua. Galaksi itarudi upande wa alfajiri kuanzia Oktoba, na sisi tutakuwa tumeanza mvua. DadaBukavu, kama kamera bado iko na mawingu yakikuachia hata alfajiri moja, wewe ndiye uliyebaki.

DadaBukavu, 3 Agosti 2024

Kamera imerudi kwa mwenyewe, anaoa. Nitaikomboa baada ya harusi.

mwanafunzi_Kasapa, 20 Novemba 2025

Nafufua uzi. Mmeona matokeo ya supanova YETU? Darubini kubwa ya VLT kule Chile iliielekea saa 26 tu baada ya kugunduliwa. Walipima jinsi nuru ilivyopolarishwa, yaani mawimbi yake yanatikisika kuelekea upande gani, wakapata kwamba mlipuko haukutoka kama mpira. Ulitoka umerefuka kama zeituni. Nyota yenyewe, wanasema, ilikuwa na uzito wa jua mara 12 hadi 15 na upana mara 500.

Mchimbaji_K, 20 Novemba 2025

Saa 26! Sisi tulikuwa bado kujua. Ndiyo nilichosema mwanzo, wakubwa. Na sasa kuna hiyo darubini ya Rubin huko Chile, kioo cha mita 8.4, itapiga anga lote la kusini kila siku chache. Mwenye kidarubini atabaki na nini?

NyotaZaKatanga, 21 Novemba 2025

Atabaki na zile zinazong'aa. Kamera ya Rubin imetengenezwa kwa vitu hafifu. Kitu cha magnitudo 12 kinaifurika, picha inakuwa doa jeupe lisilopimika. Supanova za jirani, zile za miaka nuru milioni 20 hivi au chini ya hapo, kwa miezi yake mizuri ni za darubini ndogo. Na usiku wa Lubumbashi kati ya Mei na Julai mapema, ambao hauna wingu hata moja, Chile wanaweza kuwa na theluji mlimani.

Kingine: Chile na sisi hatuko kwenye saa moja. Jua likichomoza kule, sisi bado tuna saa nyingi kabla ya giza letu kuingia, na likishaingia, kule bado ni mchana. Supanova inayopanda kwa kasi haingoji zamu.

Mchimbaji_K, 21 Novemba 2025

Sawa, hilo nalikubali. Bado nina karatasi ya miraba. Nilichora vipimo vyenu vyote vya 2024, na vya DadaBukavu kwa kalamu nyekundu. Vinakaa bapa, bapa, halafu hakuna kitu. Mstari wa kobalti haupo.

NyotaZaKatanga, 21 Novemba 2025

Haupo kwa sababu tulikosa kamera Oktoba. Ijayo, mwenye kamera na mwenye giza wajulikane mapema. Papa Mwalimu ana ua la nyuma lisilo na taa Kipushi, ameniambia yuko tayari kufungua geti saa yoyote. Fundi anatengeneza mguu wa kufuatisha nyota kwa mota ya mashine ya kufulia. Inahitajika lenzi ya milimita 300 au zaidi, ya mtu asiyepanga kuoa. Aliye nayo aandike hapa chini.

DadaBukavu, 22 Novemba 2025

Kaka ameshapata mtoto, kamera haigusiki. Lakini nimenunua yangu, ya mtumba. Lenzi ni 250. Itatosha?

Kamalondo_Fundi, 22 Novemba 2025

Ilete.